Mkuu wa Kaya

Katika nyumba yangu mimi huwa mkuu wa kaya mara moja kila baada ya miaka 10. Katikati ya hapo cheo hicho hukaa kabatini pamoja na cheti cha ndoa, na ufunguo wa kabati anao mama watoto. Kwa hiyo ilipokaribia Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nilinyoa ndevu, nikapiga pasi shati. Redio zilituimbia kutwa kwamba tujiandae kuhesabiwa. Kamisaa wa Sensa, Mama Anne Makinda, alitukumbusha kwa sauti ile ile aliyowatulizia wabunge enzi za uspika wake. Agosti 23 ikatangazwa siku ya mapumziko, pasiwe na mtu wa kusingizia kazi. Nikakaa barazani kuisubiri serikali ije kunisikiliza.

Alikuja binti mmoja, kizibao kimemzidi mabega, kishikwambi mkononi. Nyuma yake alikuwapo mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kumwonyesha njia lakini akatafuta kiti.

"Shikamoo baba. Mkuu wa kaya ni nani?"

"Marahaba mwanangu. Ni mimi."

Hilo ndilo jibu langu pekee ambalo halikusahihishwa kutoka jikoni. Nishati kuu ya kupikia? Gesi, nikasema. "Mkaa!" ikajibu jikoni. "Gesi imeisha tangu Sabasaba." Mifugo? Hatuna. "Kuku 11, na bata wa mama." Nikaulizwa choo chetu ni cha aina gani. Hapo nilijibu kwa kujiamini, maana choo nakitumia. Kumbe swali lilihusu maji yake yanakoishia, na anayejua hilo ni yule aliyemlipa mtu wa gari la majitaka mara ya mwisho. Huyo si mimi.

Binti alikuwa na adabu zake. Hakunivua cheo. Aligeuza kiti taratibu mpaka kikatazama jikoni, akaendelea na kazi ya taifa.

Sasa niwaambie kitu kuhusu neno hili kaya, maana limeniletea raha fupi. Kwa sensa, kaya si nyumba wala si ukoo. Ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, watu wa chungu kimoja. Ndiyo maana huku kwetu Chamazi, Dar es Salaam, nyumba moja ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita, kila mpangaji mkuu wa kaya chumbani kwake, na jiko lake koridoni. Basi nyumbani kwangu yupo bwana mdogo, mdogo wake mama watoto, anayekaa chumba cha uani. Hatoi kodi, haleti hata kibiriti, na kila nikigusia jambo hilo naambiwa nimwache, yeye anajitegemea.

"Huyu anakula wapi?" karani akauliza.

Jikoni kukawa kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hapa," akasema mama mkwe, ambaye haogopi mtu. Bwana mdogo akaandikwa ndani ya kaya yangu, na uhusiano wake na mkuu wa kaya ukajazwa pale pale. Mabishano ya miaka mingi, yaliyowashinda wajomba na mashangazi, yalimalizwa na kidole cha binti wa watu. Nilitamani kuomba risiti.

Raha ikaishia hapo, kwa sababu kula ni nusu tu ya kanuni. Nusu nyingine ni kulala. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Hata karani akikufikia baada ya siku nne, usiku anaouulizia ni ule ule. Wasafiri walihesabiwa, wagonjwa waliolazwa walihesabiwa, waliolala nyumba za wageni na wale wanaolala kwenye vibaraza vya maduka mjini nao walihesabiwa, ili asiachwe mtu na asihesabiwe mtu mara mbili. Nchi nzima ilitakiwa kueleza usiku mmoja ilikuwa wapi. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajawahi kuoa.

"Nililala msibani, Kongowe," bwana mdogo akajieleza, mswaki bado mdomoni.

"Msiba wa nani?" akauliza mama mkwe. Swali hilo halikuwamo kwenye dodoso, lakini ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote.

Na afadhali yeye. Jirani yangu mmoja, fundi wa aluminiamu, alikuwa amemuaga mkewe kwamba anakwenda Morogoro kikazi. Aliporudi alikuta karani ameshapita, na mkewe kwa nia njema kabisa akataka kumkimbilia karani ili mumewe asiachwe nje ya mipango ya maendeleo. "Nimeshahesabiwa," akasema fundi. Wapi? Guest. Guest gani, ya Morogoro au ya Zakhem hapa jirani? Fundi akajibu kwamba taarifa za sensa ni siri kisheria.

Kwa hilo alikuwa sahihi. Sheria ya Takwimu inamfunga karani, na makarani wote walikula kiapo. Majibu yako hayaendi kwa mtoza ushuru wala kwa polisi. Yanachanganywa na ya wengine na kutoka yakiwa jumla tu, jina lako likiwa limeyeyuka humo. Lakini kiapo ni cha karani. Hakimfungi mama mkwe, hakiwafungi wapangaji wa jirani waliokuwa wanafua mita mbili kutoka dirishani. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulijua idadi ya kuku wangu, na jioni alipita mtu kuulizia bei ya jogoo.

Woga wa kuhesabiwa huku kwetu una historia, na sipendi unapoitwa ujinga. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, aliyepita kuhesabu vibanda ndiye aliyerudi kudai. Waingereza wakaja na daftari lao. Tukapata uhuru, daftari likabaki: kodi ya kichwa, na baadaye kodi ya maendeleo ambayo watu waliendelea kuiita ya kichwa, maana vichwa ndivyo vilivyosakwa. Mpaka ilipofutwa mwaka 2003 kulikuwa na wanaume wazima, waume wa watu, wanaojua kila kichaka cha kata yao. Marehemu baba akiona mtu mwenye kofia na karatasi anakuja njia ya mbele, alikumbuka ghafla kwamba ana shamba la mbali. Mzee wa namna hiyo ukimwambia unataka tu kujua ana ng'ombe wangapi, kwa ajili ya takwimu, atakuambia walikufa.

Wengine nao hugoma kwa sababu hawakuulizwa. Mwaka 2012 walikuwapo waliokataa kuhesabiwa kwa kuwa dini haikuwamo kwenye maswali. Mara ya mwisho dini na kabila kuulizwa ilikuwa sensa ya 1967, na waliopanga sensa zilizofuata waliona bora maneno hayo yalale. Ukiuliza kuku unaambiwa mchokonozi, usipouliza dini unaambiwa una lako jambo. Ningekuwa karani ningeomba uhamisho kabla ya saa nne asubuhi.

Tukafika kwenye umri.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Andika themanini."

Mimi nilikuwapo sensa ya 2002 alipoandikwa 70, na nilikuwapo ya 2012 alipoandikwa 75. Kwa mwendo huo atatuzika wote. Karani naye hakuzaliwa jana. Kazi yake ina kalenda ya matukio kwa ajili ya watu wasiojua walizaliwa lini: Uhuru, Azimio la Arusha, Operesheni Vijiji, Vita vya Kagera, na mambo ya mahali penyewe, mafuriko, njaa, nzige. Unamrudisha mtu kwenye tukio analolikumbuka, unamuuliza alikuwa na kimo gani, ameolewa au bado, ana mtoto mgongoni au hana, halafu unapiga hesabu.

"Uhuru ulikukuta wapi, bibi?"

"Ndani. Nilikuwa nimevunja ungo, nikasikia ngoma nje na sikuruhusiwa kutoka."

Binti akahesabu kimoyomoyo. "Basi bibi una miaka kama 76 hivi."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma. "Sabini na sita ndiyo umri gani huo? Andika themanini."

Wataalamu wa idadi ya watu wanaijua tabia hii vizuri sana, mpaka wana kipimo chake, kinaitwa cha Whipple. Unachukua watu wenye umri wa miaka 23 hadi 62, unaangalia wangapi wametaja umri unaoishia na 0 au 5. Watu wakisema kweli watakuwa kama moja ya tano, na kipimo kitasoma 100. Wote wakizungusha kitasoma 500. Mama mkwe ameshatoka kwenye kipimo kwa uzee, ila mwanawe, yaani mama watoto, yumo, na umri wake uliandikwa wakati mimi nimetumwa ghafla kumletea karani maji ya kunywa. Niliporudi walikuwa wamefika kwenye elimu.

Utasema, mwache bibi na themanini yake, inamdhuru nani? Bibi mmoja hamdhuru mtu. Lakini mtu anayepanga madawati ya darasa la kwanza ya mwaka 2028 anawatazama watoto waliokuwa chini ya mwaka mmoja siku karani alipopita, na mama zao nao wakizungusha, mtoto wa miezi 14 akawa "mwaka bado", kuna watoto watakaokaa sakafuni. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa pensheni jamii kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, fedha zake zilitegemea wazee wa umri huo wapo wangapi. Mama mkwe alipoelezwa habari hizo aliuliza nauli ya boti.

Kisha akaulizwa swali ambalo sikulitarajia. Amezaa watoto wangapi waliotoka hai? Wangapi wapo hadi leo? Wangapi wametangulia?

"Tisa," akasema. "Wapo sita."

Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Sisi siku zote tulijua ni wawili waliofariki. Mama mkwe hakufafanua, na binti, Mungu ambariki, hakudadisi. Aligusa kioo mara tatu, akasubiri kidogo kabla ya kusoma swali linalofuata.

Nilikuja kujua baadaye kwamba swali lile lina asili ya huku huku. Alikuwapo Mskoti mmoja, William Brass, aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki mjini Nairobi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Alikuta nchi ambazo vifo vya watoto haviandikwi popote: mtoto anazaliwa nyumbani, anazikwa nyuma ya nyumba, hakuna karatasi. Akafikiri. Kama huna daftari la vifo, waulize akina mama mambo mawili tu, wamezaa wangapi na wamebaki wangapi, halafu wapange kwa umri. Kwa wanawake wa miaka 20 hadi 24, sehemu ya watoto waliofariki inakuonyesha kwa karibu hatari ya kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa wenye miaka 30 hadi 34, hatari ya kufa kabla ya mitano. Njia hiyo imetumika duniani kote penye upungufu wa vyeti. Mimi ni mtu wa kulalamika, lakini hapo sina neno. Idadi nyingi za vifo vya watoto unazozikuta kwenye vitabu vya nchi maskini zilianza na mwanamke amekaa kwenye kigoda, mgeni anamuuliza, na yeye anajibu tisa, wapo sita.

Haya. Oktoba 31, 2022, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, Rais Samia akatangaza matokeo. Tuko 61,741,120. Wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Nyumbani kwangu tofauti hiyo ya milioni moja na laki sita na zaidi ilipokelewa kwa vigelegele, na hata remoti ya televisheni ikabadili mikono. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Mwaka 1967, miaka mitatu baada ya Muungano, tulikuwa milioni 12.3. Tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, mwendo unaoifanya nchi iwe mara mbili kila baada ya miaka 22 hivi, na bado ukienda kutafuta mtu wa kukusaidia kusukuma gari lililozima humpati.

Kilichonishinda ni Dar es Salaam. Mkoa ulikuwa na watu 4,364,541, ukafika 5,383,728, ukuaji wa asilimia 2.1. Yaani chini ya wastani wa taifa! Nikasoma tena. Mimi nimepanda daladala pale Rangi Tatu saa 11 alfajiri kwa kupitia dirishani, kwa umri wangu huu, nikiwa na shati la pasi. Anayeniambia kwamba jiji hili linaongezeka polepole kuliko nchi anieleze mguu niliokuwa nimeukanyaga ulikuwa wa nani.

Jibu likawa kwenye mstari wa jirani. Mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu milioni 1.1 hivi mwaka 2012, umefika 2,024,947. Wenzetu wamehamia Vikindu, Kibaha, Bagamoyo, kwenye viwanja vya bei ya kuelewana, wakajenga, wakafuga, na usiku ule wa Agosti wakalala kwao wakiwa wakazi halali wa Pwani. Alfajiri wakaamka wote wakaja kukaa juu yangu.

Hapo ndipo ninapogombana na sensa, na ni ugomvi wa mtu anayeipenda. Inatuhesabu tukiwa tumelala. Sababu yake naielewa: aliyelala ametulia, ukimhesabu mtu anakotembea utamwandika mara nne kabla ya magharibi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunisumbua akiwa usingizini kwake. Msongamano wangu wote ni wa watu waliokwisha kuamka. Choo cha soko hakitumiwi na waliolala karibu nacho. Kariakoo usiku ni mtaa wa watu wa kadiri, mchana ni nchi. Hata karani akikuuliza unashinda wapi, namba inayosomwa uwanjani, ile inayoshangiliwa na kubandikwa ukutani kwa mkurugenzi, ni ya mashuka.

Msinielewe vibaya, namba hiyo inafanya kazi. Inafanya mpaka inatisha. Jirani yangu wa upande wa pili ni muuguzi katika zahanati fulani, na siku moja alinionyesha chati yao ya chanjo. Mwezi ule walikuwa wamechanja watoto zaidi ya asilimia 100.

Nikamwambia, dada, hiyo nayo ni hesabu ya wapi?

Akanieleza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kueleza. Zahanati haiwajui watoto wote wa eneo lake mmoja mmoja. Inapewa lengo: watu waliohesabiwa hapa kwenye sensa, ongeza makadirio ya ukuaji wa kila mwaka, chukua sehemu ya walio chini ya mwaka mmoja, gawanya kwa miezi 12, basi hao ndio watoto wako. Chanjo na mabomba ya sindano vinapangwa kwa lengo hilo. Sasa eneo likivimba kuliko makadirio, viwanja vikauzwa, wapangaji wakamiminika, au akina mama wa wilaya ya jirani wakaamua kwamba foleni yenu ni fupi, wanaletwa watoto ambao kwenye karatasi hawajazaliwa. Unawachanja. Asilimia inapanda kupita mia. Mkubwa anayepita kukagua anakupongeza kwa kuvuka lengo, na wewe unampongeza kwa kuja, wakati huo kabati la chanjo liko tupu na nje kuna watoto wasiokuwapo, wanalia.

"Na kule walikotoka?" nikauliza.

"Kule asilimia iko chini, wanaitwa wazembe."

Nikabaki nimeshika mikono. Namba moja, imekosewa upande mmoja, imetoa hodari na mzembe kwa mkupuo. Na bila namba hiyo, muuguzi akasema, ingekuwa vibaya zaidi, maana wangegawa kwa anayejua kulia kwa nguvu. Sikupenda alivyonitazama aliposema hivyo.

Matumizi mengine yalinifuata mpaka mlangoni. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya, na jumla ya majimbo ikawa 272. Kigezo kikubwa cha kugawa kilikuwa idadi ya watu, na jimbo la Mbagala, tulivyojaa humo, likamegwa likazaliwa jimbo la Chamazi. Ukonga nalo likazaa Kivule. Sikuhama, sikufungasha hata sufuria, nikaamka jimbo jingine. Kumbe ule usiku tuliolala vizuri na kuandikwa wote, na bwana mdogo akiwamo kokote alikokuwa, ulikuwa unatengeneza kiti bungeni.

Wiki ile watia nia waliota. Watu ambao hawakuwa wanajua Chamazi ina njia ngapi za kuingilia walianza kufika misibani kabla ya wafiwa. Kila mmoja alikuwa na takwimu za sensa mdomoni: jimbo hili lina vijana kadhaa, wanawake kadhaa, kaya kadhaa. Mmoja alinishika bega, akaniambia kwa hisia kwamba yeye anawajua wananchi wa hapa. Nikamuuliza maji yanatoka siku gani. Akaniambia hilo atalifanyia utafiti.

Sasa tuseme ukweli wote, na serikali isibebe lawama peke yake. Hapa mtaani sisi wenyewe tuna sensa zetu, na hazifanani. Ukipita mgawo wa vyandarua na swali likawa kuna sehemu ngapi za kulala, nyumba ya jirani yangu mwenye wapangaji ina sehemu 14, kochi likiwamo, na ile meza ya kunyooshea nguo. Ukipita uandikishaji wa misaada, kaya zinapasuka: mwana aliyeoa mwaka jana ana chungu chake, mama ana chungu chake, shangazi aliyekuja kutibiwa macho ameshakuwa kaya inayojitegemea. Hata mimi nimeshasikia bwana mdogo akijitambulisha kwa mgeni mmoja mwenye fomu kwamba ni mkuu wa kaya ya mtu mmoja.

Halafu Jumapili iliyopita mjumbe wa nyumba kumi akapita kukusanya mchango wa ulinzi shirikishi. Elfu mbili kwa kaya. Alianzia kwa jirani.

"Hapa ni kaya ngapi, mwenye nyumba?"

"Moja," jirani akajibu bila kupepesa. "Sisi sote ni ndugu."

Wapangaji sita wakaitikia kutoka vyumbani, kila mmoja na jiko lake mlangoni. Mjumbe akaandika moja, akavuka uchochoro akaja kwangu. Nilikuwa nimeshachomoa elfu mbili na kuzikunja vizuri.

"Kwako mzee ni mbili," akasema. "Yule kijana wa uani nimemkuta njiani. Kaniambia yeye anajitegemea, ila nichukue kwako."